Una B1 ya Kijerumani na uko Tabora: jinsi ya kujiandaa kwa chuo kikuu Ujerumani

Swali ninaloulizwa sana nikirudi nyumbani Ipuli ni hili: "Dada, nina cheti cha B1 cha Kijerumani, chuo kikuu Ujerumani watanichukua?" Watakuchukua, lakini si kwa kila kozi, maana B1 ni ngazi ya tatu tu kati ya sita za lugha. Mimi nilisoma misitu SUA pale Morogoro, halafu nikaenda kufanya shahada ya uzamili Tharandt, mji mdogo karibu na Dresden ambako misitu inafundishwa tangu mwaka 1811 na ambako leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden (TU Dresden) kina idara zake za fani hiyo. Kozi yangu, misitu ya tropiki, ilifundishwa kwa Kiingereza. Masomo machache ya nyongeza niliyafuata kwa Kijerumani, nikiwa na B1 kama hiyo uliyo nayo.

Chagua kozi kwanza, ndipo upange mambo ya lugha. Kozi inayofundishwa kwa Kijerumani kwa kawaida hudai cheti cha mtihani wa Kijerumani cha kuingilia chuo: DSH-2, au TestDaF yenye daraja la 4 katika sehemu zote nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kutoka B1 hadi hapo ni safari ndefu, usikubali kuambiwa utaimalizia njiani. Mwenye shahada ya kwanza atazame kozi za uzamili za Kiingereza. Zipo nyingi na tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili na mabadilishano ya wanafunzi, ina orodha yake. Vyuo vingine hutoa nafasi yenye sharti: wanakupokea, unasoma lugha kwanza hukohuko, na ukifaulu DSH unaanza kozi yenyewe. Na wewe uliyemaliza kidato cha sita, ingia kwenye anabin, kanzidata ya Ujerumani ya vyeti vya nje, uone cheti chako kinahesabiwaje kule. Ukitakiwa kupitia Studienkolleg, yaani kozi ya maandalizi kabla ya chuo, usivunjike moyo, maana hapo ndipo B1 yako inapofanya kazi: nyingi huruhusu watu wa B1 au B2 kufanya mtihani wa kuingilia. Unasoma mihula miwili, unafanya mtihani wa mwisho uitwao Feststellungsprüfung, kisha unaomba chuo.

Tarehe za mwisho za maombi katika vyuo vingi ni 15 Julai kwa muhula wa baridi na 15 Januari kwa muhula wa kiangazi, ila kozi za uzamili mara nyingi hufunga mapema zaidi. Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wanafunzi wa nje kwa niaba ya vyuo: euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi la ziada katika muhula huohuo. Vyuo vya serikali kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti, linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Mzigo mkubwa ni viza. Lazima uonyeshe pesa ya kujikimu, na wengi huiweka kwenye akaunti maalumu, Sperrkonto, ambayo inakuachia kiasi fulani tu kila mwezi. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Sitamshauri mtu auze shamba la familia kwa ajili ya akaunti hiyo. Omba ufadhili wa DAAD kwanza, hasa kama una shahada na uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Mtihani wa Kijerumani wa Goethe-Institut na ombi la viza vyote viko Dar es Salaam, kwa hiyo hangaika upate tarehe zinazokaribiana. Kutoka Tabora panda basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR. Utafika na nguvu za kufanya mtihani.

Sasa tuje kwenye masikio, maana hapa ndipo ninapotaka ukae sana. Mtu aliyejifunzia Tabora kwa kitabu na simu husoma vizuri kuliko anavyosikia, na mhadhiri hazungumzi kama mwalimu wa lugha. Isitoshe, sentensi ya Kijerumani iliyoungwa kwa "weil" au "dass" hupeleka kitenzi mwisho kabisa. Unasikia nani, wapi, lini na kwa nini, na bado hujajua alifanya nini. Zoezi lililonifaa kuliko yote ni la bure: Deutsche Welle wana habari zinazosomwa polepole, pamoja na maandishi yake. Zipakue kwa bando la usiku. Asubuhi sikiliza bila kutazama maandishi, na uandike vitenzi tu. Majina ya watu na nchi utayashika hata bila kujitahidi. Kinachoponyoka ni kitenzi. Kisha linganisha na maandishi, funga simu, ueleze habari ileile kwa sauti, kwa maneno yako mwenyewe. Fanya hivyo kila siku kabla ya kazi.

Pamoja na hilo, andaa daftari la fani yako. Langu lilikuwa na safu tatu: Kijerumani, Kiswahili, na jina la kisayansi. Mninga ni Pterocarpus angolensis Tabora na Tharandt pia, na jina la kisayansi litakushikilia pale Kijerumani kinapokuacha. Siku moja tulipelekwa msituni kuona miti ya Fichte (Picea abies, ya jamii ya misonobari) iliyokauka. Mwalimu alibandua kipande cha gome akatuonyesha vijia vilivyochimbwa na mbawakawa. Alikuwa akisema haraka, lakini Rinde, Borkenkäfer na Trockenheit, yaani gome, mbawakawa wa magome na ukame, yalikuwa kwenye daftari langu tayari, na kwa maneno hayo matatu nilimfuata hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwetu magome yanatumikaje. Nikamweleza mizinga ya nyuki ya Tabora, jinsi gome linavyobanduliwa kuzunguka shina lote, na kinachoupata mti: "Dann stirbt der Baum," yaani kisha mti unakufa. Sentensi fupi za B1, na mazungumzo yakaendelea hadi tulipopanda treni. Ukijua unachokisema, sentensi fupi zinatosha.

Darasani, muite mwalimu "Sie", yaani "wewe" ya heshima, mpaka mwenyewe akuambie vingine. Ratiba ikiandikwa 10 c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo, s.t. ni saa nne kamili. Usipoelewa, uliza palepale: "Können Sie das bitte wiederholen?", yaani tafadhali rudia. Sisi tumelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa, na ni malezi mema, lakini kule swali linahesabiwa kuwa ni kufuatilia somo. Yaliyokuzidi yapeleke kwenye Sprechstunde, saa ambazo mwalimu hupokea wanafunzi ofisini, ukiwa umeandika maswali yako kwenye karatasi. Ulizia pia kama kituo cha lugha cha chuo kinaunganisha watu wa tandem: mwenzako anajifunza Kiswahili au Kiingereza kwako, wewe Kijerumani kwake. Wanaosoma mambo ya Afrika hukitafuta Kiswahili, usikiuze rahisi.

Ukishapata chumba, jiandikishe kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Na mitihani: kuhudhuria vipindi vyote hakukuingizi kwenye chumba cha mtihani. Kila somo lina kipindi chake cha kujiandikisha mtihani, kwa kawaida kwenye mfumo wa chuo, na dirisha likishafungwa huenda ukasubiri hadi muhula ujao. Wiki ya kwanza ya muhula tafuta tarehe hizo na uziandike kwenye simu, na siku ukijiandikisha chapisha uthibitisho uuweke kwenye faili lako.