Polaroid ya filamu za kubandua: ifanye ipige Instax Mini bila kuikata

Kama una Polaroid Automatic 100 au ndugu zake, zile zinazokunjuka na kutoa mkunjo mweusi mbele, usiiache iwe pambo la kabatini. Ilitoka 1963, lenzi yake ni ya kioo, milimita 114, f/8.8, na mpaka leo inatoa picha nzuri sana. Kilichokufa ni filamu yake tu. Polaroid walitangaza kuacha kutengeneza filamu 2008, Fujifilm wakabaki na zile za kubandua (ukishapiga, unaibandua picha kutoka kwenye karatasi yake) mpaka 2016 walipotangaza kwamba filamu yao ya FP-100C nayo basi.

Wengi wakifika hapo wanachukua msumeno, wanakata mgongo wa kamera ili wagundishe wa kamera ya Instax, ile ya Fujifilm ya picha za papo hapo. Naomba usikate. Hizi kamera hazitengenezwi tena na kazi yote inawezekana ndani ya ganda tupu la filamu ya zamani, kamera yenyewe inabaki nzima.

Kwa nini Instax na sio filamu za Polaroid za sasa? Filamu ya Polaroid ya sasa inapigwa na mwanga upande uleule unaotazama picha, kwa hiyo kamera zake zina kioo ndani cha kugeuza, na Automatic 100 haina hicho kioo, ukiiweka humo maandishi yote yatatoka kinyume. Instax inapigwa kwa nyuma unatazama kwa mbele, inatoka sawa bila kioo. Nashauri uanze na Mini maana karatasi yake ni milimita 54 kwa 86, inaingia ndani ya ganda bila kubana.

Kwanza betri. Fungua mgongo usome imeandikwa volti ngapi, nyingine ni 4.5 nyingine 3. Za asili ni shida kupata, kwa hiyo lehemu kibokisi cha betri za AAA kwenye nyaya zilizopo, tatu kwa 4.5, mbili kwa 3, chanya na hasi usizichanganye. Halafu ingia chumba cha giza, washa tochi ndani ya mkunjo uangalie kama kuna matobo, ukiona nukta ya mwanga ziba.

Sasa ganda. Yale ya plastiki ya Fuji ni imara zaidi. Kata kadi nyeusi nyembamba ienee ndani ya ganda, katikati toboa dirisha la milimita 46 kwa 62, ndio ukubwa wa picha ya Mini, kisha gundisha vipande viwili vya kadi pembeni ili karatasi isicheze. Nyuma weka sponji laini ya kuisukuma mbele, ila sponji ikae nyuma ya picha tu, isiguse ule upande mnene wenye dawa, ukiukandamiza dawa inapasuka na karatasi imekwisha. Kabla ya kuweka filamu hakiki fokasi: bandika karatasi ya kuchorea ramani kwenye dirisha, ziba jicho la kamera (kidirisha kidogo kinachopima mwanga) kwa tepu nyeusi, bonyeza na ushikilie, shata, yaani mlango wa mwanga, inabaki wazi na utaona kwenye karatasi kama picha ni kali au ina ukungu.

Suala la mwanga ndilo linalowashinda wengi. Instax ni ISO 800 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), kamera ina 75, 150, 300 na 3000. Weka 3000 kisha bandika kipande cha filta ya kijivu ya 0.6 kwenye jicho, KWENYE JICHO sio kwenye lenzi, jicho litaona robo ya mwanga, shata itakaa wazi mara nne zaidi na hapo umepata 750, karibu kabisa na 800.

Kupakia ni ndani ya mfuko wa giza, karatasi moja moja. Ule upande uliokuwa unaangalia kifuniko cheusi cha katriji (kasha ambalo filamu ya Instax huja nalo) ndio uangalie lenzi. Funga kamera, itoe mfukoni, piga picha. Ukimaliza rudi mfukoni, irudishe karatasi kwenye katriji tupu ya Mini, upande wa dawa ukiwa kwenye mwanya wa kutokea, kifuniko cheusi juu yake. Weka kwenye kamera yoyote ya Instax Mini ambayo umeziba lenzi na flashi kwa tepu, bonyeza kitoke kifuniko, bonyeza tena inatoka picha, rola za hiyo kamera ndio zinasambaza dawa.

Kwenye kitazamio weka alama za tepu maana Mini inachukua sehemu ya katikati tu. Picha ya kwanza ikipauka, zungusha pete ya jicho kidogo upande wa giza, ikiwa nyeusi rudisha upande wa mwanga.