Kuhama divisheni ya bastola ukiwa Mtwara: pa kuanzia na karatasi zinazotakiwa

Wanaoshindana kwa bastola huku Kusini tunahesabika kwa vidole, lakini kila fedha za korosho zikianza kuingia napigiwa simu ileile. "Shikamoo mzee. Nataka kutoka Production niende Standard. Kuna bastola nimeiona Dar, bei yake siyo mbaya." Marahaba, mwanangu, lakini umeanzia mwisho. Kuhama divisheni, yaani kundi la silaha unaloshindania, kunaanzia kwenye kitabu cha kanuni, kisha kwenye sefu yako mwenyewe, na mara nyingi kunaishia hapo bila hata shilingi kwenda dukani.

Ninayoyaeleza ni ya mashindano ya IPSC, yale ya kupiga shabaha huku unatembea na saa inahesabu. Chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, Marekani, na kanuni zake ni zilezile popote unaposhindana chini yake.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa maneno matatu, maana nimeona mtu akijaza fomu vibaya kwa ajili yake. Divisheni ni ya silaha, kwa mfano Open, Standard, Classic, Production, Production Optics na Revolver. Kategoria ni ya mtu: wanawake, vijana, waliovuka miaka 50, waliovuka 60. Daraja ni la uwezo, kuanzia D hadi Grand Master, na huhesabiwa kwa kila divisheni peke yake. Kwa hiyo ukiwa na B yako ya Production ukahamia Standard, B hiyo unaiacha mlangoni. Wapo wanaoumia sana na hili. Mimi naona ni raha, unakuwa mgeni tena na hakuna anayekudai kitu.

Hatua ya kwanza ni kupakua kitabu cha kanuni za bastola kwenye tovuti ya IPSC. Ni bure. Hakikisha ni toleo linalotumika sasa, siyo lile ulilotumiwa kwenye simu na rafiki miaka minne iliyopita. Fungua viambatisho vya mwisho, kila divisheni ina ukurasa wake. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na hata amri za uwanjani hutolewa kwa Kiingereza, kwa hiyo kama lugha inakupiga chenga, kaa na mwenzako msome mstari kwa mstari. Msikisie.

Hatua ya pili, pima ulichonacho. Bastola ikiwa tupu, magazini pembeni, umeangalia chemba kwa macho na kwa kidole, iweke mezani na ulinganishe na ukurasa wa divisheni unayoitaka. Production inataka bastola iliyo kwenye orodha yao ya modeli zilizoidhinishwa, na triga isiyo nyepesi kupita kiasi: kilo 2.27 kwa risasi ya kwanza, au kilo 1.36 kwa kila risasi. Magazini hata kama inabeba 17, mlio wa kuanza ukukute umejaza zisizozidi 15. Standard yenyewe inataka bastola, ikiwa na magazini ndani, iingie kwenye sanduku la milimita 225 kwa 150 kwa 45. Sanduku langu nilichongewa na seremala wa mtaani kwa vipande vya mninga. Aliniuliza kama ni la kuwekea dhahabu. Tangu hapo kila magazini ninayonunua inapita humo kwanza. Siku moja kitako cha magazini kilichozidi kidogo tu kiligoma kuingia, nikakivua palepale nyumbani badala ya kuvuliwa mbele za watu.

Sasa zingatia hapa, maana ndipo fedha za watu zinapopotelea. Bastola yako ya milimita 9 ya Production, ikiingia kwenye sanduku hilo, inaweza kupiga Standard kesho asubuhi. Hubadilishi kitu. Tofauti iko kwenye alama. Production yote huhesabiwa kwa kiwango cha Minor, yaani risasi ya nguvu ndogo. Standard ina Minor na Major, yaani ya nguvu kubwa, na Major inataka risasi yenye kipenyo cha kuanzia milimita 10, ambayo kwa kawaida ni ile ya inchi .40. Shabaha ina sehemu: A ya katikati, kisha C na D kuelekea nje. A ni alama 5 kwa wote. C ni 4 kwa Major na 3 kwa Minor. D ni 2 kwa Major na 1 kwa Minor.

Chukua kituo kimoja cha shindano, cha risasi 12. Umepata A nane, C tatu, D moja, kwa sekunde 10. Minor: 40 na 9 na 1, jumla 50, gawanya kwa sekunde 10 unapata alama 5.0 kwa sekunde. Major: 40 na 12 na 2, jumla 54, unapata 5.4. Hiyo 0.4 ndiyo bei ya milimita 9 ndani ya Standard. Ni kubwa kwa anayewania kikombe. Kwa anayejifunza ni ndogo, kwa sababu kukosa shabaha moja tu kunakukata alama 10, juu ya zile ambazo hukuzipata. Ushauri wangu ni piga mashindano mawili au matatu ya Standard kwa bastola uliyonayo. Ukiona A zako zinaongezeka na bado unapitwa na watu wa Major, hapo ndipo uanze kufikiria .40.

Anayetaka Production Optics ana njia fupi pia, kama modeli yake iko kwenye orodha na inaweza kufungwa kile kioo cha nukta nyekundu. Bastola inabaki ileile, na namba iliyochongwa ubavuni ni ileile iliyo kwenye leseni. Hata hivyo mimi hupita kituo cha polisi kwa anayeshughulikia silaha, namwonyesha ninachotaka kufunga, ndipo namlipa fundi. Dakika kumi za salamu na maelezo hazijawahi kunigharimu. Jiandae tu kwamba wiki mbili za mwanzo utainua bastola na nukta hutaiona kabisa, utabaki unaitafuta kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Tiba yake ni kufyatua kavu nyumbani, bastola tupu, risasi ziko chumba kingine, kila jioni. Na kwa upepo wetu wa bahari, kioo kipanguse kila ukirudi. Jirani yangu wa Shangani alinishauri mafuta ya nazi kwenye skrubu zisishike kutu. Usifanye hivyo.

Ukifikia uamuzi wa bastola ya pili, ndiyo unaingia kwenye njia ndefu. Leseni ni ya mtu na ya silaha moja yenye namba yake, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huwezi kwenda mashindanoni na bastola ya shemeji yako kwa kuwa tu ni ya .40. Na kamwe usilipe dukani kabla ya kibali. Duka litakupa risiti, halitakupa kibali.

Ombi linaanzia kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji unapoishi, kwa barua. Linajadiliwa na kamati ya ulinzi na usalama ya hapo, linapanda kata, linafika kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na kamati ya usalama ya wilaya, linakwenda mkoa, na mwisho linamfikia Mrajis wa Silaha Makao Makuu ya Polisi. Ambatanisha nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha, nakala ya leseni ya silaha unayomiliki ikiwa imelipiwa ya mwaka huu, barua ya klabu yako, na maelezo ya sefu unayohifadhia. Utachukuliwa alama za vidole. Malipo yote ni kwa namba ya malipo ya serikali. Akitaka mtu umpe mkononi, ondoka. Hesabu miezi, usihesabu wiki. Mimi ningeanza masika ili msimu wa korosho unikute na kibali.

Barua isiwe na hadithi. Mtendaji wangu, mtu wa Newala, alisoma barua yangu ya kwanza akanitazama juu ya miwani.

"Mjomba, ile ya kwanza imeharibika?"

"Hapana, mtendaji. Nzima kabisa."

"Sasa mbili za nini? Una mikono mingapi?"

Nikagundua nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa mapenzi yangu kwa mchezo, na sababu haimo hata kwa mstari mmoja. Barua ya pili ilikuwa hivi, ichukue ubadilishe tu panapohusu:

"Ninamiliki kihalali bastola ya milimita 9, leseni nimeambatanisha. Ninashiriki mashindano ya kulenga shabaha kupitia klabu yangu, barua yake nimeambatanisha. Kanuni za divisheni ya Standard zinatoa alama za Major kwa risasi za kipenyo cha kuanzia milimita 10 pekee, ambazo bastola yangu haiwezi kutumia. Naomba kibali cha kumiliki bastola ya pili ya .40 kwa matumizi ya mashindano. Silaha zote mbili zitahifadhiwa ndani ya sefu iliyofungwa ukutani nyumbani kwangu, ambayo niko tayari ikaguliwe."

Akaigonga mhuri. Kamati ilipokaa, swali lililobaki lilikuwa la sefu tu.

Karatasi zikishakamilika, kinachobaki ni fomu ya mashindano. Utajaza jina, divisheni, Major au Minor, kategoria na kundi utakalopiga nalo. Divisheni ni moja tu kwa shindano zima, na lazima uitangaze kabla ya kuanza. Usipoitaja, waamuzi watakuweka kwenye ile wanayoona inafanana na vifaa vyako. Mpigie mwandaaji umuulize mna watu wangapi kwenye divisheni hiyo, kwa sababu ikikosa washindani wa kutosha inaweza isitambuliwe. Kwetu tulio wachache hili siyo jambo la kubahatisha: umesafiri zaidi ya kilomita 550 hadi Dar, umefika, unaambiwa Revolver mko wawili.

Kuhusu safari yenyewe: ukiruka kutoka uwanja wa ndege wa Mtwara, pigia shirika siku kadhaa kabla, bastola iwe tupu ndani ya sanduku lenye kufuli, uitangaze kaunta kabla mtu hajaiona kwenye mashine. Kwa barabara, leseni iwe mfukoni, siyo ndani ya begi lililo chini ya basi, na wajulishe polisi unakoondokea. Acha siku moja ya ziada. Waliosafiri Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara maeneo ya Somanga, wanajua ninachosema. Na risasi zisikae garini juani. Joto huibadilisha kasi yake, na kasi ndiyo inayokwenda kupimwa.

Kwenye mashindano makubwa watachukua risasi zako nane. Moja inatolewa kichwa na kupimwa uzito kwa greni, kipimo kidogo cha uzito, tatu zinapigwa kupitia kronografu, kifaa cha kupima kasi, wanachukua wastani. Uzito mara kasi ya futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Greni 180 kwa futi 950 ni 171.0, umevuka 170 ya Major ya Standard. Greni 124 kwa futi 1,030 ni 127.7, umevuka 125 ya Minor. Zilezile zikipungua hadi futi 1,000 ni 124.0, na hapo utapiga shindano lote bila alama. Aliyeandika Major akashindwa kuifikia hushushwa Minor, lakini aliyekosa hata Minor hana pa kushukia. Kwa hiyo usinunue risasi zinazogusa mstari. Tafuta za kukuacha na nafasi ya alama tano hivi juu yake.

Halafu kuna mkanda. Niliwahi kurudi Production baada ya mwaka mzima wa Standard, bastola nimeibadilisha, magazini nimezihesabu, mkanda nimevaa uleule niliouzoea. Kwenye kituo cha pili msimamizi akaniomba nisimame wima, akatazama kiunoni. Kifuko changu cha kwanza cha magazini kilikuwa mbele ya mfupa wa nyonga. Production hairuhusu. Nikahamishiwa Open papo hapo, kama kanuni inavyosema kwa anayevunja masharti ya divisheni yake, nikamaliza siku na bastola yangu ya kawaida nikishindana na watu wenye vioo na vipunguza mtikiso. Sikuwa wa mwisho. Nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na yule wa mwisho bastola yake ilikwama.

Siku hizi navaa vifaa vyote nyumbani usiku wa kuamkia safari, nasimama mbele ya kioo cha kabati, na mke wangu anashika rula. Bastola, mfuko na mkanda utakavyoanza navyo ndivyo utakavyomaliza navyo. Kikivunjika kitu katikati, usibadilishe mwenyewe, mwite msimamizi mkuu wa uwanja kwanza.