Kusoma muundo: fuata mzigo mpaka unapotua

Watu wa pwani husema fundi anaunda jahazi, na anajenga nyumba. Rundo la mbao ufukweni bado halijawa chombo. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ukishalazwa, mataruma (mbavu zake) yakakaa mahali pake na mbao zikashikana nayo, mbao zilezile zinavuka bahari na shehena. Hicho kilichoongezeka bila kuongeza ubao hata mmoja ndicho muundo: nini kimeshikana na nini, na kimeshikana vipi.

Mwanasayansi analitumia neno hili kwa maana hiyohiyo. Almasi ya Mwadui na grafaiti ya Mahenge zote ni kaboni. Kwenye almasi kila atomi imeshikana na nyingine nne, pande zote. Kwenye grafaiti kila atomi imeshikana na tatu tu, katika tabaka bapa, na tabaka moja limeshikana na la juu yake kwa nguvu ndogo sana. Ndiyo maana penseli inaandika: ukiikokota karatasini, tabaka zinateleza na kubaki pale.

Ili kusoma muundo wowote, jiulize maswali manne kwa mpangilio huu. Mzigo ni upi? Unapita wapi mpaka utue? Kila kiungo kinaupokea na kuukabidhi vipi? Na kipande kipi kikitoka, vingine vyote vinaanguka? Anza na vitu vya kushika mkononi, kwa sababu macho yakishazoea huko, yataona hata pasipo na mbao.

Jaribio la vijiti

Chukua vijiti vinne vya mishikaki, vifunge pembeni kwa mpira wa kufungia pesa upate mraba. Usukume upande mmoja: unalala. Funga kijiti cha tano kutoka kona hadi kona, usukume tena. Umesimama, kwa sababu sasa una pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadili umbo bila kijiti kurefuka, kufupika au kuvunjika.

Kwa fremu ya bapa yenye viungo vinavyoweza kuzunguka kuna hesabu ya haraka: zidisha idadi ya viungo kwa 2, toa 3. Hiyo ndiyo idadi ya chini ya vipande. Mraba una viungo 4, kwa hiyo unahitaji vipande 5. Wenye 4 utalala. Hesabu hii inakuonyesha upungufu tu. Vipande vinaweza kutimia na bado vikawekwa vibaya, upande mmoja vikirundikana na mwingine ukabaki na mraba mtupu.

Sasa chukua ubao wa inchi 2 kwa 6, uweke juu ya matofali mawili, kwanza ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama kwa ubavu. Ni ubao uleule, lakini uliosimama ni mgumu kupinda mara 9 zaidi, na nguvu yake ya kubeba ni mara 3. Bati la migongo linafanya kazi kwa kanuni hiyo: migongo inalipatia bati unene ambao chuma chenyewe hakina.

Kenchi

Simama chini ya paa ambalo dari bado haijapigwa, utazame kenchi, yaani fremu za mbao zinazolishika paa. Uzito wa bati unashuka kwenye papi, mbao za mlalo zinazopigiliwa bati, papi zinaukabidhi kwa mbao za mteremko, na hizo zinaushusha ukutani. Lakini mbao mbili za mteremko zilizoegemeana hutaka kufunguka miguu, kama ngazi ya pande mbili isiyo na kamba. Ubao wa chini wa kenchi, ule wa mlalo, ndio unaozuia. Haubebi kwa kukandamizwa. Unavutwa kutoka ncha zote mbili.

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Mtu anataka nafasi ya kupitisha kitu darini, anakata ubao wa chini kwa kuwa "haubebi kitu". Paa halianguki siku hiyo. Ukuta unasukumwa nje kidogo kidogo, na ufa unatokea karibu na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kosa la pili ni kuunga ubao huo katikati kwa kuulaza juu ya mwenzake na kupiga misumari miwili mitatu. Kiungo kinachovutwa kinahitaji vipande vya mbao pande zote mbili, virefu, na misumari ya kutosha kila upande wa maungio.

Kisha ugeuze swali la kwanza. Upepo mkali huvuta bati kwenda juu, na njia ya mzigo inageuka nayo. Fuata tena: msumari wa bati, papi, kenchi, ukuta. Ukikuta kenchi imekaa tu juu ya ukuta bila kufungwa kwa ukanda wa chuma au waya uliofukiwa kwenye lenta, umeona mahali paa litakapong'okea.

Roshani ya zege ina somo hilohilo. Slabu, yaani sakafu ya zege, iliyokaa juu ya kuta mbili hupinda katikati, inavutika upande wa chini, kwa hiyo nondo kuu zinakaa chini. Roshani inayotokeza nje ikiwa imeshikwa upande mmoja tu inavutika upande wa juu, na nondo kuu lazima ziwe juu. Michoro mingi inaonyesha hivyo vizuri. Tatizo linakuja siku ya kumwaga zege: watu wanakanyaga nondo, zinazama chini, na hakuna atakayeona tena. Zishikilie kwa viti vya nondo, yaani vyuma vilivyokunjwa vya kuziinua, na mtu asimame hapo kuangalia mpaka zege limalizike.

Kiungo kilichobadilishwa

Tarehe 17 Julai 1981, madaraja ya ndani, yaani njia za watu kupita juu ya ukumbi, ya hoteli ya Hyatt Regency huko Kansas City, Marekani, yalianguka na kuua watu 114. Daraja la ghorofa ya nne na la ghorofa ya pili yalikuwa yamening'inizwa darini, moja chini ya jingine. Mchoro wa awali ulitaka fimbo ndefu za chuma zitoke darini, zipite kwenye boriti za daraja la juu, ziendelee mpaka la chini. Kila daraja lingekaa juu ya nati zake, na fimbo ingebeba yote.

Wakati wa kutengeneza, fimbo moja ikawa mbili: ya kwanza kutoka darini hadi daraja la juu, ya pili kutoka daraja la juu hadi la chini. Madaraja ni yaleyale. Lakini sasa la chini lilining'inia kwenye boriti za la juu, na nati ya daraja la juu ikabeba mizigo miwili badala ya mmoja. Boriti ikapasuka pale kwenye nati.

Lijaribu mwenyewe. Funga chupa mbili za maji, moja juu na moja chini, kwenye kamba moja ndefu. Kila fundo linabeba chupa moja. Kisha kata kamba chini ya chupa ya juu, na uifunge chupa ya chini kwenye shingo ya hiyo ya juu. Fundo la juu sasa linabeba mbili.

Kikundi cha kuweka na kukopa

Kwenye kikundi, mzigo ni pesa na uamuzi. Utaratibu uliozoeleka ni sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku kwa mtu wa nne. Hesabu inafanywa na wahesabuji wawili mbele ya wote. Hakuna aliyeshukiwa wizi. Mzigo umegawanywa ili usimlemee mtu mmoja.

Angalia pia mkopo. Watu 20 wakiweka shilingi 5,000 kila wiki, baada ya wiki 10 kuna 1,000,000, na kila mmoja ana akiba ya 50,000. Kanuni ya kukopa hadi mara tatu ya akiba inampa mtu 150,000. Akishindwa kulipa, mfuko unapungua asilimia 15. Mkimruhusu mmoja achukue 600,000 kwa sababu "tunamfahamu", mmeufunga mfuko wote kwenye fundo moja.

Hali hiyohiyo hutokea kikundi kikihamia kwenye simu. Katiba bado inasema funguo tatu, lakini namba ya siri inajulikana na katibu peke yake. Kabla ya kuweka shilingi ya kwanza, ulizeni mtandao wenu kama una akaunti ya kikundi inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha kutoa. Kisha fanyeni jaribio: katibu abaki nyumbani mkutano mmoja, muone kama pesa inaweza kuingia, kuandikwa na kutoka bila yeye.