Jinsi ya Kuunda Kiumbe wa Kubuni Anayeuzwa Dukani

Samaki wa GloFish, waliobadilishwa jeni ili wang'ae, wamekuwa wakiuzwa Marekani tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na katika miaka hiyohiyo msanii Adam Brandejs wa Kanada alitundika Genpets, vinyago vya wanyama waliofungwa katika plastiki kana kwamba wanasubiri mnunuzi. Anayetaka kuunda kazi ya sanaa kama hiyo ya Brandejs hapa Uganda aanze na kifungashio, kwa kuwa mtazamaji huanza kuamini kutokana na boksi kabla ya mnyama.

Nenda katika maduka ya dawa za mifugo ya Container Village, Kampala, uchunguze maboksi ya vifaranga wa siku moja: matundu ya hewa ubavuni, mshale wa kuonyesha upande wa juu, maelezo ya chanjo. Yaige hayo, kwa sababu sisi tumeshazoea kumbeba kiumbe hai ndani ya katoni bila kushtuka.

Mwili uchonge kwa sponji ya godoro na kuuvika glovu za mpira zilizokatwa na kugundishwa. Chini ya tumbo weka mota ndogo ya mizunguko 15 kwa dakika, yenye kijiti kinachosukuma sponji kila inapozunguka. Kasi hiyo inakaribia pumzi za mtu mzima aliyetulia. Meno na damu viache, maana hofu ya sinema huua kazi hii.

Lebo ndiyo inayohitaji subira kuliko vyote. Iandike kwa lugha kavu ya karani: bei kwa shilingi, tarehe ya mwisho wa matumizi, na sentensi kama "Akikataa kula kwa siku mbili, mrudishe pamoja na risiti." Usibandike alama halisi ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwani haitumiki bila idhini.

Ukichagua mgomba badala ya mnyama, fahamu kwamba watu watakumbuka majaribio ya ndizi zilizobadilishwa jeni yaliyofanyika katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda na mswada wa bayoteknolojia uliopitishwa na Bunge mwaka 2017, kisha Rais akaurudisha bila kuutia saini. Kazi yako itageuka mjadala wa sheria, jambo ambalo binafsi nisingelitaka.

Mwishowe omba nafasi katika rafu ya duka la kawaida, kati ya sabuni na biskuti, na mwenye duka aelezwe mapema kwamba mteja anayesisitiza kununua aambiwe wazi kuwa hiyo ni sanaa.