Chesisi ya gari inajipinda wapi? Tafuta kwanza, baa ya kuikaza utafunga baadaye

Watu wengi wakishaweka tairi nzuri na springi fupi, kitu cha tatu wanachonunua ni ile baa inayong'aa ya kuunganisha vichwa vya shokapu chini ya boneti, na ukiwauliza imebadilisha nini wanakwambia "gari imekaza", ukiwabana kidogo hawana jibu. Mi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Baa sio mbaya jamani, ila inasaidia pale tu inapounganisha sehemu mbili ambazo kweli zinasogeleana au kuachana gari ikiwa kwenye kona au mashimo. Kama hazisogei, umefunga pambo lenye uzito.

Kabla pesa haijatoka fanya hivi. Paki pahala tambarare, bandika selotepu ya karatasi ivuke mwanya kati ya mlango na fenda, na nyingine upande wa nyuma wa mlango, ikate na wembe kufuata mwanya, halafu chora mstari mmoja wa penseli ulionyooka upite vipande vyote viwili. Sasa piga jeki kona moja ya mbele, pale pale palipotengenezwa kwa ajili ya jeki, mpaka tairi iachane na ardhi kidogo tu. Angalia mstari. Gari yenye paa la chuma unaweza usione tofauti hata ya unene wa penseli, lakini gari ya wazi mara nyingi mstari unakatika, nusu iko juu nusu iko chini, na mlango ukiufungua hapo unaweza ukagoma kufunga (usiulazimishe, shusha gari kwanza). Piga picha, utazihitaji.

Hiyo ni kwa sababu paa ni sehemu ya mifupa ya gari, likitolewa kazi yote inabaki kwa sakafu na vizingiti vya milango. Ndo maana kwenye gari ya wazi baa za chini ya tumbo huwa na faida kuliko ya juu. Chukua Mazda MX-5 za kwanza, za 1989 hadi 1997: zile reli za chini ya sakafu ni bati jembamba na nyingi zimeshapondwa na jeki, kuziimarisha reli hizo utakuhisi zaidi kuliko baa ya mbele, maana saspensheni yake ya mbele ni ya mikono miwili (mmoja juu mmoja chini, ndiyo inayoshika gurudumu) na haisukumi sana kichwa cha shokapu. Ford Mustang za 1979 hadi 1993 nazo zina fremu ndogo mbele na nyingine nyuma, katikati ni sakafu tu, kwa hiyo dawa yake ni vyuma vya kuunganisha hizo fremu mbili. Honda S2000 ilitoka kiwandani ngumu tayari, usitegemee miujiza. Baa ya juu ina maana zaidi kwa gari zenye strati za MacPherson (shokapu ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu, hakuna mkono wa juu), kule shokapu inasukuma bodi moja kwa moja.

Na kama bushi zimekufa au kuna kutu kwenye vizingiti, rekebisha hizo kwanza. Chuma kipya kwenye bati lililooza kitang'oa bati.

Ukinunua, tafuta baa iliyonyooka na ya kipande kimoja. Iliyopinda kukwepa injini inafanya kazi kama springi, na yenye bawaba kila mwisho inaacha vichwa vizunguke inavyotaka. Zile zenye pembetatu inayofika mpaka kwenye ukuta wa nyuma ya injini ndo nzuri zaidi.

Kufunga sasa, na hapa nilichemsha. Nilifunga baa nikiwa nimeinua gari pua juu kwa jeki, matundu yakakaa sawa kabisa nikajiona fundi, kushusha tu ikaanza kulia kwi kwi kila nikipita tuta, kumbe nimeikaza bodi ikiwa imeshajipinda. Gari isimame kwa magurudumu yake yote manne, sehemu tambarare. Kwa baa za chini panda rampu nne, magurudumu yote yabebe uzito. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, halafu kaza kidogo kidogo kwa kupokezana kulia na kushoto, mwisho spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba za mtengenezaji. Nati za juu ya shokapu ni ndogo, ukizipiga na mashine ya upepo unakata stadi, yaani ile bolti iliyosimama inayoshika nati. Ile nati ya katikati kabisa usiiguse, ndiyo inayozuia springi isikurukie usoni. Kama baa inarefushwa na kufupishwa, iweke iingie bila kusukuma wala kuvuta.

Kabla ya kufunga boneti weka vipande vya plastisini (ule udongo laini wa watoto kuchezea) juu ya baa, shusha boneti taratibu, fungua uone vimebaki unene gani. Acha nafasi na upande wa injini pia, inacheza kwenye mauntini (mipira inayoishikilia) ukikanyaga mafuta.

Vyuma vya kuchomelea, kama vile vya kuunganisha fremu, mpe mchomeleaji anayejua magari: betri itolewe, kapeti litolewe, mabomba ya mafuta na breki yasogezwe, uzito uwe kwenye magurudumu, na pakipoa paka rangi, hata upande wa ndani.

Kama ulilegeza nati za shokapu, peleka alaimenti, magurudumu yanyooshwe. Baada ya kilomita mia chache kagua tena nati zote, zinalegea.

Halafu rudia ile selotepu, kona ile ile, kimo kile kile cha jeki, linganisha na picha. Mstari ukikatika vile vile kama mwanzo, itoe. Ya kwangu ya kwanza niliiuza kwa jamaa aliyependa rangi yake.