Kupanga runinga na hifadhi ya video nyumbani Mtwara na Lindi, hatua kwa hatua

Wengi wanaonunua vifaa vya video huanza na kioo, inchi 43 au 55, kisha diski inanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Geuza mpangilio huo. Runinga ikiungua, dukani ipo nyingine. Video ya harusi ya wazazi iliyobaki kwenye DVD moja, tena imeanza kuota ukungu kwa unyevu wa Shangani au Lindi mjini, haipo kwingine kokote. Ndiyo maana hapa tunaanza na video zenyewe, tunakwenda kwenye diski na umeme, na kioo kinakuja baadaye.

Hatua ya 1: Hesabu una gigabaiti ngapi

Hesabu ni hii: chukua megabiti kwa sekunde, gawa kwa 8, zidisha kwa 3,600, unapata megabaiti kwa saa. Video ya 1080p yenye megabiti 8 kwa sekunde inakula megabaiti 1 kila sekunde, yaani GB 3.6 kwa saa. Harusi ya saa 6 inafika GB 21.6. VCD iliyojaa ni kama MB 700, na DVD ya tabaka moja ni GB 4.7. Video za simu ndizo zinazowashangaza watu: simu nyingi zinazorekodi 1080p hutumia karibu megabiti 17 kwa sekunde, zaidi ya GB 7 kwa saa, na 4K inapita hapo.

Tuseme nyumba ina harusi mbili (GB 43), DVD 20 (GB 94), VCD 30 (GB 21) na video za simu GB 300. Jumla ni GB 458. Zidisha mara mbili ili upate nafasi ya miaka ijayo, unapata kama TB 1. Windows itakuonyesha GB 931 kwenye diski hiyo. Hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Jambo moja kabla ya kukusanya. Usichukue video za familia kwa kutumiwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu inabanwa na ubora hautarudi. Ichomeke simu kwa waya, au mwambie ndugu aitume kama faili (dokumenti), ambapo inapita bila kubanwa hadi GB 2.

Hatua ya 2: Okoa CD za zamani kwanza

Kazi hii haisubiri runinga mpya. Futa CD kwa kitambaa laini chenye maji na tone la sabuni, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari mnyoofu. Usizungushe, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaomshinda msomaji wa CD kusahihisha. Iache ikauke kabisa.

Kwenye VCD fungua folda ya MPEGAV, nakili faili linaloitwa AVSEQ01.DAT, na VLC, programu ya kuchezea video, italicheza. Kwenye DVD video zimo ndani ya VIDEO_TS, zimekatwa vipande vya VOB visivyozidi GB 1 kila kimoja. Ukinakili VOB kimoja kimoja utapata harusi iliyokatika katikati ya hotuba. Tumia programu ya MakeMKV: inaunganisha vipande vyote kuwa faili moja la MKV bila kupunguza ubora. Usijaribu "kuikuza" DVD iwe 1080p. Picha yake ni 720 kwa 576 na itabaki hivyo, utaongeza ukubwa wa faili tu.

Hatua ya 3: Nunua diski mbili, si moja kubwa

Badala ya diski moja ya TB 2, tafuta mbili za TB 1. Moja ya kutazamia, moja ya akiba. Chagua "hadi diski" (hard disk, yenye sahani inayozunguka) ya nje ya inchi 2.5 inayopata umeme kwa waya wa USB. Ile ya inchi 3.5 inahitaji adapta yake ya volti 12, na hapo umeongeza kitu kingine cha kuungua umeme ukirudi kwa kishindo. SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ina kasi na haiogopi kutikisika, lakini kwa nakala ya akiba itakayokaa kabatini muda mrefu bila umeme, hadi diski ya sahani ni chaguo salama zaidi na bei yake kwa gigabaiti ni ndogo.

Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Na flashi ya "TB 2" inayouzwa kwa bei ya soda chache ni ya bandia. Kompyuta itasoma TB 2, lakini ndani kuna GB 32 au 64, na nafasi ikijaa inaandika juu ya video za mwanzo bila kukupa onyo. Unagundua siku unayofungua. Kila kifaa kipya kipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux: inaandika mpaka pajae, kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. TB 1 kwa megabaiti 100 kwa sekunde inachukua karibu saa 3 kuandika na karibu saa 3 nyingine kusoma. Iache usiku kucha, na ufanye hivyo wakati risiti ya duka bado ina nguvu.

Sasa fomati, yaani mfumo ambao diski inapangia mafaili. FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, ndiyo maana filamu moja inakataa kuingia wakati diski ina nafasi tele. Zinabaki exFAT na NTFS. Kwa mahali umeme unapokatika bila taarifa tunapendekeza NTFS, kwa sababu huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mafaili yanapoandikwa na hujirekebisha diski ikiwashwa tena. exFAT haina kinga hiyo, na umeme ukikatika katikati ya kunakili folda nzima inaweza kupotea. Tumia exFAT ikiwa tu runinga yako inakataa NTFS.

Onyo kuhusu ving'amuzi na runinga zenye kitufe cha kurekodi: ukichomeka diski na kukubali kurekodi, nyingi huifomati diski nzima kwanza. Kwa kazi hiyo tenga flashi yake peke yake.

Hatua ya 4: Umeme

Kati ya soketi na eksitensheni weka gadi ya runinga inayokata umeme ukiwa mdogo au ukizidi, na inayosubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Hatari kubwa si kukatika kwenyewe, ni ule mrudisho wa ghafla. Ukiwa na kompyuta au seva (kompyuta ndogo inayogawa video kwa vioo vyote, tazama Hatua ya 6) inayowashwa muda wote, iongezee UPS ndogo, yaani betri ya akiba. Itakupa dakika za kuzima vizuri, si za kumalizia filamu.

Diski inayozunguka na kukata, ikitoa mlio wa tik, tik, huenda haijafa. Huenda inakosa umeme wa kutosha. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900, wakati diski ikianza kuzunguka inaweza kutaka hadi ampia 1. Hamishia kwenye tundu la bluu au lenye maandishi HDD, badilisha waya mrefu kwa mfupi, au tumia habu yenye adapta yake.

Kuhusu LUKU: runinga ya wati 80 kwa saa 5 kwa siku ni yuniti 12 kwa mwezi. Seva ndogo ya wati 7 isiyozimwa ni yuniti 5. Inaonekana ndogo, lakini kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, ambalo mwisho wake ni yuniti 75 kwa mwezi, na tayari unagusa 70 au zaidi, hizo 5 ndizo zitakazokuvusha. Basi zima seva usiku.

Hatua ya 5: Chagua kioo ukiwa na flashi mfukoni

Pima umbali wa kochi hadi ukutani. Kwa inchi 43, ambayo ni sentimita 109 kona hadi kona, kaa kati ya mita 1.6 na 2.7. Sebule nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Halafu usiamini karatasi iliyobandikwa. Kabla fedha ya korosho haijatoka mfukoni, andaa flashi ya GB 32 yenye exFAT na uweke mafaili haya: MP4 ya H.264, MKV ya HEVC ya biti 10 (H.264 na HEVC ni njia za kubana picha), moja yenye sauti ya AC3, moja yenye sauti ya DTS (njia mbili za kubana sauti), moja inayozidi GB 5, na moja yenye maandishi ya chini ya SRT, jina lake likifanana herufi kwa herufi na la video na likihifadhiwa kwa UTF-8 (mpangilio wa herufi). Mwombe muuzaji akuruhusu uichomeke. Picha ikija bila sauti, runinga haisomi DTS, na hilo ni la kawaida sana. Faili likionekana kwenye orodha lakini likakataa kufunguka, kodeki ya picha, yaani uwezo wa kufungua aina hiyo ya picha, haipo. Flashi nzima isipoonekana, haisomi exFAT. Jaribu na nyingine yenye NTFS.

Kukosa DTS pekee si sababu ya kuiacha runinga nzuri. Sauti hugeuzwa bila kugusa picha, kwa amri hii ya ffmpeg, programu ya kompyuta ya kugeuza video:

ffmpeg -i harusi.mkv -map 0 -c copy -c:a aac -b:a 192k harusi2.mkv

Picha ikikataa ndipo utumie programu ya HandBrake: H.264, 1080p, RF 22 (kiwango cha ubora), sauti AAC. Hiyo inachukua saa nyingi kwenye laptopu ya zamani, kwa hiyo geuza zile tu mnazotazama.

Hatua ya 6: Seva, kama mna vioo viwili au zaidi

Kwa runinga moja, diski nyuma yake inatosha. Ruka hatua hii. Kwa vioo viwili na simu, tumia Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye adapta ya volti 5 na ampia 3, diski moja, na Jellyfin, programu ya seva ya video ambayo ni ya bure. Ndani ya ruta ipangie anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.50, kisha kwenye simu fungua 192.168.1.50:8096. Kutazama ndani ya nyumba hakuli bando hata kidogo, na ruta isiyo na intaneti inafanya kazi ile ile.

Pi haina nguvu ya kugeuza video papo kwa papo, kwa hiyo hakikisha mafaili yamo katika aina ambayo vioo vyote vinaisoma. Katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe za Mikindani na Kilwa Kivinje, Wi-Fi ya 5 GHz hufa kwenye ukuta wa kwanza. Tumia 2.4 GHz, au vuta waya wa Cat5e, unaofika mita 100.

Hatua ya 7: Nakala ya akiba na hewa ya chumvi

Diski ya pili isikae karibu na ya kwanza. Mwizi au moto havichagui. Ipeleke kwa ndugu, ikiwezekana bara kama Masasi au Nachingwea, mbali na bahari. Iweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika jeli. Ya kutazamia isiwe dirishani kunakoelekea baharini: chumvi huanza kula vidole vya shaba ndani ya tundu la USB, na dalili yake ni diski inayokatika ukiugusa waya.

Kila miezi 3 irudishe, nakili vipya kwa FreeFileSync, programu ya kulinganisha folda, na fungua video kadhaa ukisogeza katikati na mwishoni, kwa sababu faili bovu mara nyingi mwanzo wake ni mzima. Itoe kwa njia salama kabla ya kuchomoa.

Siku Windows ikisema diski inahitaji kufomatiwa, bonyeza hapana. Badilisha waya, kisha tundu, kisha kompyuta. Ikiendelea kukataa, iache kando, nunua diski ya tatu, na unakili kwanza kutoka kwenye ile nzima kabla hujaipeleka ile mbovu kwa fundi.