Chomoa jampa kwanza: mota na ubao wa FPGA

Kama unataka kuendesha mota kwa ubao wa FPGA (chipu ambayo saketi yake ya ndani unaipanga mwenyewe), ile draiva ya L298N (bodi ndogo inayoipa mota umeme) inayouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, inatosha kabisa kuanzia. Ila chomoa kwanza vijampa (vifuniko vidogo vinavyounganisha pini mbili) vya ENA na ENB, yaani pini za kuwashia mota. Vinaunganisha pini hizo na volti 5, na pini za ubao wako huenda hazivumilii zaidi ya 3.3. Waya wa PWM (mipigo ya kuwasha na kuzima haraka inayopanga kasi ya mota) uende kwenye ENA yenyewe, si pini jirani yenye volti 5. Ipime kwa mita kabla hujachomeka.

Linalosahaulika zaidi ni hili: ubao ukiwashwa, saketi yako haitawali pini mpaka ipakiwe yote. Kwa bodi nyingi, pini huwa zimevutwa juu kidogo muda huo, na mota inaweza kushtuka. Weka resista ya kilo-omu 4.7 kati ya ENA na graundi. Stima ikipotea na kurudi ghafla, mota itatulia.

Hesabu ya PWM ni nyepesi: saa ya ubao ya megahezi 50, kaunta ya 0 hadi 2499 (hatua 2500), unapata kilohezi 20, na mota haipigi kelele. Graundi ya ubao na ya betri ya mota lazima ziungane.